TAHADHARI: Vikundi vya maigizo na muziki, kuna promota feki anawaita Kanda ya Ziwa

Wakuu habari zenu, hasa nyie wa vikundi vidogo vya maigizo ya nyimbo mnaozunguka mikoani na Costa ya kukodi, someni hii kabla hamjapakia spika. Kuna jamaa anajiita promota, anawinda vikundi vya Dar, Moro na Bagamoyo, anawaahidi ziara ya Kahama, Masumbwe mpaka Katoro, na huwa anaanza kupiga simu msimu wa pamba ukifunguliwa maana anajua kila mtu kwenye hii kazi anaamini kule mwezi wa sita hela ipo mtaani. Anaongea vizuri balaa, anakuita "mwalimu", maafisa utamaduni anawataja kama kasoma nao.

Masharti yake matamu: ukumbi, gari la matangazo na kibali juu yake, nyie usafiri na shoo, mlangoni mnagawana 60 kwa 40, na hiyo 60 ni yenu. Promota gani anabeba gharama zote hizo afu anachukua 40? Hapo tu machale yawacheze.

Safari ikikaribia anakuja na stori ya kibali, eti afisa kahamishwa, mpya anadai laki tatu na nusu, changieni nusu. Anakutumia PDF yenye nembo ya halmashauri na muhuri wa bluu. Ukiuvuta ule muhuri kwenye simu unaona tarehe ya ndani sio ile ya juu ya barua, na pembeni umekatwa vibaya kabisa. Namba ya kulipia ni ya mtu binafsi. Jamani, malipo ya halmashauri yanapita kwenye kontro namba, sio kwenye simu ya mtu, akikwambia mtandao unasumbua mwambie mtasubiri urudi.

Sisi mhasibu wetu aligoma, tukafika tukalipia wenyewe halmashauri na jamaa wala hakununa, kumbe ile ilikuwa ya vocha tu, hela yenyewe anaitolea macho mlangoni. Tiketi kachapa yeye, vitabu viwili namba zilezile, kimoja kampa binti yetu mlangoni kingine wanacho vijana wake kule nje barabarani wanauza kabla watu hawajafika kwetu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wamekalia madirisha, ila kwenye mahesabu ya binti tiketi hazikufika hata mia, na tulivyofagia tukaokota vipande viwili vya namba 0047, kimoja karatasi laini kingine ngumu. Muda huo jamaa hayupo, aliaga katikati ya igizo anafuata dizeli ya jenereta, na simu haikupatikana tena.

Asubuhi mama wa gesti kashikilia kinanda na mikisa. Sisi tuliambiwa gesti imelipwa, yeye aliambiwa tutalipa sisi, simlaumu hata kidogo. Dereva naye hawashi gari bila hela ya mafuta, na mpaka Dar ni karibu kilomita 1,000. Tulichomoka kwa kupiga kwenye sherehe ya kipaimara jirani na gesti, mfalme na malkia wa igizo letu na mavazi yao wanaimbisha watu wakati wa kukata keki, na wenye sherehe walitulipa keshi bila longolongo, mbarikiwe sana.

Kwahiyo tiketi chapeni wenyewe, gongeni muhuri wa kikundi, na mtu wenu akae getini kabisa sio mlangoni. Promota awaonyeshe usajili wake wa Basata, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Ofisi ya utamaduni pigeni kwa namba ya kwenye tovuti ya halmashauri, sio namba aliyowapa yeye, maana upande wa pili anaweza kupokea shemeji yake. Gesti ongeeni na mwenyewe kabla hamjalala, na advansi iingie benki kabla Costa haijatoka, meseji ya muamala msiiamini mpaka muangalie salio.

RB, ile namba ya taarifa ya polisi, tunayo. Jamaa kabadilisha laini na jina, saivi nasikia anapanga "ziara" ya Singida na Nzega na kuna kikundi cha Moro kashaongea nacho. Kama ni nyie njooni inboksi leo leo niwatumie sauti yake na picha za hizo tiketi mlinganishe.