Kipima oksijeni cha kidole kwa mwenye pumu: alama 7 kwa 10

Vidude hivi vya kubana kidoleni, vya betri mbili za AAA, vimejaa kwenye maduka ya dawa ya Nakuru na Kisumu. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu ya mzio, vinafaa. Alama 3 tumezikata kwa sababu ya ile karatasi ya maelezo, ambayo huruka mambo yanayomtatanisha mnunuzi.

Kwanza mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130. Huko juu hewa ni nyepesi, hivyo mtu mzima wa afya akiwa Nakuru anaweza kusoma 94 au 95 (asilimia ya oksijeni kwenye damu) bila tatizo lolote. Pima mgonjwa siku ambazo hana shida, mara tatu kwa nyakati tofauti, uandike. Hiyo ndiyo namba yake, si ile 98 iliyochorwa kwenye boksi.

Zito ni hili. Mzio ukichokozwa na vumbi, chavua au paka, seli humwaga histamini na lukotrieni, yaani kemikali za mzio. Njia za hewa hukaza, ute hujaa, na sehemu fulani za mapafu hukosa hewa. Mishipa midogo ya damu ya hapo hujibana na kuielekeza damu kule hewa inakofika. Von Euler na Liljestrand walilieleza jambo hilo mwaka 1946, kwa kuchunguza paka (ndio hao hao tunaowalaumu kwa kupiga chafya). Kwa hiyo kidole chaweza kusoma 95 huku kifua kinapiga filimbi. Mbavu za mtoto zikizama kila anapovuta pumzi, au mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, twende hospitali, namba iache.

Kisha mgonjwa anavuta salbutamol, ile dawa ya inhela ya kufungua kifua. Dawa hulegeza njia za hewa, lakini hulegeza pia mishipa iliyokuwa imejibana. Damu hurudi kwenye vifuko vya mapafu ambavyo hewa haijafika, na namba yaweza kushuka kidogo kwa muda hata kama mgonjwa anasikia nafuu. Hapo watu husema inhela ni feki. Si lazima iwe feki. Ndiyo maana hospitalini, shambulio likiwa kali, nebulaiza (mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) huendeshwa kwa oksijeni. Nyumbani, pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa chini ya 92, au inazidi kuteremka, usingoje kupima mara ya tatu, nenda hospitali.

Kupima kwenyewe: akae dakika 5, asugue viganja vipate joto, kidole kiingie hadi mwisho, mkono utulie usawa wa moyo, usubiri namba isimame. Kidole chenye piko au rangi ya kucha kiepuke, kwa kuwa mwanga hauvuki vizuri. Kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kuzidisha pointi kadhaa, basi 92 isikupe raha. Na jiko la makaa likiwaka chumba kimefungwa, hewa ya sumu hung'ang'ania damu na kifaa huihesabu kama oksijeni.

Mzio mkali wa nyuki au karanga ukishusha presha, vidole hupoa na kioo huonyesha vistari tu. Usibadilishe betri: hapo ni sindano ya adrenalini pajani, na gari.

Kabla ya kulipa, kivae dukani, uhesabu mapigo ya kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Yakipishana sana na ya kwenye kioo, kirudishe.