Taa za chini za milango ya nyuma: ipi ununue Kariakoo, ipi uiache dukani

Gari nyingi zinazotembea Dar hazina taa ya kumulika chini kwenye milango ya nyuma, na nyingine hazina hata mbele. Wa nyuma anashukia gizani, na mara nyingi ndiye aliyebeba mtoto aliyelala au mfuko wa sokoni unaomziba macho. Wa nyuma kushoto ndiye mwenye shida zaidi. Tunaendesha kushoto, tunaegesha kushoto, na kushoto ndiko mtaro uliko. Usiku wa masika pale Sinza au Tabata, umeme umekatika na maji yamefunika ukingo wa mtaro, taa ya wati moja chini ya mlango inakuonyesha pa kuweka mguu. Kipimo chetu cha bidhaa hii ni hicho: inaonyesha ardhi, au inapamba gari?

Kwenye maduka ya urembo wa magari ya Kariakoo na Ilala utakutana na aina tatu: ya betri inayobandikwa kwa gundi, ya logo inayotobolewa kwenye paneli (kifuniko cha ndani cha mlango), na ya waya yenye uso mpana. Zote huuzwa kwa jina moja, "taa za mlango", kwa hiyo taja unayoitaka, na uulize kama bei ni ya jozi au ya seti ya nne.

Ya betri ndiyo rahisi kufunga. Inatumia betri tatu ndogo za AAA, inabandikwa chini ya paneli, na kipande cha sumaku kinabandikwa kwenye kizingiti. Mlango ukifungwa, sumaku inakaa mkabala na taa na kuizima. Ukifunguliwa, taa inawaka. Dakika kumi umemaliza, na uzuri wake unaishia hapo. Gari lililoshinda juani linapikika ndani, na paneli nyingi zina vipele vidogo ambavyo gundi haivishiki sawasawa. Upande mmoja ukiachia, taa inalala, inapishana na sumaku, halafu inabaki inawaka mlango ukiwa umefungwa. Wewe uliye nje huioni. Baada ya siku chache betri zimekwisha na unadhani taa ni mbovu. Ukiamua kuinunua hata hivyo, futa paneli kwa spiriti (petroli inaharibu plastiki), kandamiza kwa nusu dakika nzima, na usiiguse mpaka kesho yake. Inamfaa mwenye gari la kukodi ambaye hataki kutoboa kitu cha mtu.

Ya logo ndiyo inayonunuliwa sana, na ndiyo tunayoipenda kidogo kuliko zote. Ndani yake kuna LED moja, lenzi, na kipande kidogo cha filamu chenye picha. Mwanga wake ni mwembamba kama wa tochi iliyobanwa, maana kazi yake ni kuchora duara la picha chini. Kwenye lami kavu inapendeza. Kwenye maji yaliyotuama picha haionekani, na kwenye mchanga wa barabara za ndani inakuwa doa tu. Ardhi iliyo pembeni ya duara hilo, yaani palipo na mtaro, inabaki giza. Filamu ya bei rahisi nayo hupauka kwa joto la LED yenyewe. Halafu kuna tundu: paneli inatobolewa kwa biti ya duara ya milimita 22 au 23, na tundu hilo halirudi. Nyuma ya paneli kuna nafasi ndogo kabla ya kufika bati la mlango, kwa hiyo mwili wa taa ukiwa mrefu unagota bati na paneli haikai. Pima urefu wa taa na nafasi hiyo kabla drili haijawashwa. Na kagua picha dukani, kwani Toyota inayomulika nembo ya Mercedes-Benz ni mzaha usiohitaji maelezo.

Inabaki ya waya: kisanduku bapa cha plastiki, LED tatu hadi sita, lenzi nyeupe kama maziwa au yenye mistari, na waya mbili. Kwa milango ya nyuma chukua hii. Lakini ubora wake hutofautiana mno, na tofauti haionekani kwa macho. Iliyo rahisi ina LED tatu zilizofuatana na rezista moja, yaani kipunguza mkondo. Kila LED nyeupe hutumia kama volti 3.2, kwa hiyo tatu ni 9.6. Kwenye volti 12 rezista inabakiwa na 2.4. Injini ikiwa inanguruma, alteneta inapandisha mpaka karibu 14.4, na rezista inabakiwa na 4.8, mara mbili ya mwanzo. Mkondo nao unakuwa mara mbili. Ndiyo sababu taa hizi hufa kwenye magari ya kubeba abiria, ambayo milango hufunguliwa injini ikiwaka siku nzima. Tafuta iliyoandikwa volti 12 hadi 24 au 9 hadi 30. Hizo kwa kawaida zina kidhibiti mkondo ndani. Maandishi nayo hudanganya, basi mwambie muuzaji aiwashe kwa dakika tano, kisha ishike mgongoni. Ikikuchoma vidole, mrudishie.

Kuhusu rangi, chukua nyeupe iliyotulia, kama kelvini 4000. Zile za bluu-bluu za 6000 na zaidi hung'aa sana dukani, ila kwenye maji ya tope zinarudisha mng'ao machoni na hujui kina. Nyekundu pembeni ya mlango, inayotazama nyuma, ni nyongeza nzuri kwa upande wa kulia: bodaboda anayekuja anaona mlango umefunguka. Bluu ya kuwakawaka waachie wenye ving'ora.

Juu ya betri ya gari usiwe na hofu. Taa mbili za wati moja hutumia kama ampea 0.17. Mlango ukisahaulika wazi saa 10, umepoteza kama Ah (ampea-saa) 1.7. Balbu mbili za kawaida za wati 5 zingekula Ah 8 na zaidi, na kwa betri ndogo kama NS40 yenye Ah 35 hivi, ambayo imeshachoka, hiyo inatosha kukufanya usukume gari asubuhi.

Sasa waya, ambako kazi nyingi za mtaani huharibikia. Mlango wa nyuma wa gari la kawaida la Kijapani una nyaya za spika, za kupandisha kioo na za kufunga loki. Hauna umeme wa kudumu unaofaa taa, wala hauna waya wa swichi ya mlango, kwa sababu swichi iko kwenye nguzo ya bodi. Fundi mwenye haraka atachukua umeme wa kioo. Taa itawaka siku anakukabidhi, kwa kuwa ufunguo umewashwa. Ukifika nyumbani ukazima injini, abiria anafungua mlango na taa iko kimya. Akichukua kwenye mota ya loki ni balaa zaidi: nyaya zile hubadilishana chanya na hasi kila loki inapofungwa na kufunguliwa, na hupata umeme kwa sekunde tu. Kabla hujalipa, uliza swali moja: "Fundi, umeme unautoa wapi?"

Jibu sahihi ni kwamba chanya ya kudumu inatoka kwenye laini ya taa ya dari (kwenye Toyota nyingi fyuzi yake imeandikwa DOME), na hasi inapitia swichi ya mlango. Swichi za namna hii hukata na kuunga upande wa hasi. Ukiunga kwenye waya wa swichi ya mlango ule ule, kila taa inawaka kwa mlango wake. Ukiunga kwenye waya wa hasi unaorudi kwenye taa ya dari, zote mbili zinawaka mlango wowote ukifunguliwa. Kwenye gari ambalo waya wa swichi unakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya bodi, tumia njia hii ya pili. Laini ile ni ya kutuma ishara, na LED ikiungwa hapo inaweza kuvujisha mkondo kidogo: taa inabaki na mwanga hafifu usiku kucha, au dashibodi inadai mlango uko wazi. Usiunganishe nyaya za swichi za milango miwili pamoja ili kuokoa waya. Gari linalokuonyesha ni mlango upi uko wazi halitajua tena.

Rangi za nyaya usiziamini, hutofautiana hata ndani ya modeli moja. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye chanya ya kudumu, nyeusi kwenye waya unaoushuku. Mlango ukiwa wazi isome kama 12, ukifungwa ishuke karibu na sifuri. Ikifanya kinyume, huo siyo.

Kabla ya kugusa nguzo ya kati, chomoa hasi ya betri na usubiri sekunde 90 au zaidi. Mkanda wenye kivutio (kifaa kinachoukaza gari likigonga) na mara nyingi kihisi cha eabegi ya pembeni viko hapo. Plagi na nyaya za njano ni za vifaa hivyo. Hazipimwi kwa mita wala hazikatwi.

Kutoka kwenye nguzo, waya unaingia mlangoni kupitia bomba la mpira lenye mikunjo, lile unaloliona kati ya bawaba mbili. Hapa usikubali njia ya mkato. Kwenye baadhi ya magari bomba liko wazi ndani: unachomoa ncha zote mbili, unapitisha utepe mgumu wa plastiki wa kufungia nyaya, unafunga waya kwenye mkia wake, unapaka maji ya sabuni na kuvuta taratibu. Kwenye mengine ncha moja ni plagi nzima ya plastiki, na waya mpya hauna pa kupita isipokuwa kwenye matundu ya pini yaliyobaki wazi, ukipata pini za saizi yake. Fundi mvivu atapitisha waya nje ya bomba, ukingoni mwa mlango. Kila mlango unapofungwa, bati linaung'ata. Baada ya muda plastiki inapasuka, chanya inagusa bodi, na fyuzi ya taa ya dari inakatika. Kwa hiyo weka fyuzi yako ya ampea 1 au 2 pale pale unapochukua chanya, ili hitilafu ya taa ndogo isizime vingine. Waya wa milimita mraba 0.5 unatosha. Kwa milango miwili nunua mita nane, uwe na ziada.

Akilazimika kutoboa bati, tundu lipakwe rangi ya kuzuia kutu na livishwe pete ya mpira siku hiyo hiyo. Hewa yetu ya bahari haisubiri. Viungo vichomelewe kwa risasi na kuvikwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Tepu nyeusi peke yake huyeyuka gundi kwenye joto la mlango, na vibana vya haraka vya plastiki hukata nyuzi za waya na kuruhusu maji.

Maji yanaingia ndani ya mlango kila mvua inyeshapo, yakifuata kioo, na kutokea kwenye matundu yaliyo chini. Hilo si kosa, ndivyo ulivyotengenezwa. Kinachoyazuia yasiingie kwenye kapeti ni nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi nyuma ya paneli. Fundi akiichana ili apitishe waya na asiizibe, masika yatakuletea harufu ya soksi ndani ya gari. Ibanduliwe pole pole, irudishwe na gundi yake, na pale waya unapopita paongezwe gundi. Waya uachiwe kitanzi kinachoning'inia kabla ya kufika kwenye taa, ili matone yadondokee hapo yasifuate waya mpaka kwenye kiungo. Ukipitisha waya ndani ya bati, ufunge mbali na reli ya kioo, kisha pandisha na shusha kioo mpaka mwisho mara tatu.

Magari ya Ulaya ni habari nyingine. Kwa mengi yao swichi iko ndani ya loki yenyewe na taa inaendeshwa na moduli ya mlango, ambayo huwa inakagua kama balbu ipo. LED huonekana kwake kama balbu iliyoungua, na huenda ikahitaji rezista au kuwekewa mpangilio kwa kompyuta. Mpeleke kwa fundi mwenye mashine ya gari hilo.

Kwa muda, mlango mmoja uliofanywa kwa uangalifu huchukua karibu saa nzima. Anayekuahidi dakika ishirini kwa yote miwili hafungui paneli. Klipu za paneli zilizozeeka hukatika, nunua sita za akiba zinazolingana na gari lako, la sivyo paneli itapiga kelele kwenye kila tuta.

Kabla hujaondoka kwa fundi, zima gari, toa ufunguo, fungua mlango mmoja mmoja. Kisha mimina ndoo ya maji juu ya kioo cha mlango uliofungwa, subiri robo saa, na pitisha mkono chini ya kapeti ya nyuma. Pakiwa na unyevu, paneli ishuke tena hapo hapo.