Mpango wa M'Cheyne wa kusoma Biblia: mwaka mmoja mezani na watoto

Binti yangu alikuwa na miaka 11 aliponikuta mezani nimefungua Biblia, akaniuliza, "Baba, hiyo ni ya Jumapili au ni yako?"

Nilinyamaza. Katika miaka yangu yote ya uchungaji nilikuwa nasoma na kalamu mkononi. Kila sura niliigeuza mahubiri kabla sijaimaliza, na mtoto alikuwa ameliona hilo vizuri kuliko mimi. Ibada ya nyumbani tulikuwa nayo, ila niliiendesha kwa mistari iliyobaki kwenye maandalizi ya juma. Wanangu walikuwa wanalishwa makombo ya mimbari. Usiku ule nilianza kutafuta utaratibu wa kusoma ambao sikuupanga mimi na ambao usingenipeleka kwenye mahubiri. Nikaangukia kwenye mpango wa Robert Murray M'Cheyne. Tumeutumia mwaka mzima, na ninauelezea hapa kwa ajili ya wazazi, hasa wale wenye kundi la kuchunga kanisani na kundi jingine nyumbani.

M'Cheyne alikuwa mchungaji wa kanisa la St Peter's mjini Dundee, Uskoti. Aliuandaa mpango huu mwishoni mwa mwaka 1842 kwa ajili ya washarika wake. Kila siku ina masomo manne: mawili ya familia na mawili ya faragha. Ukiufuata wote, kwa mwaka unasoma Agano la Kale mara moja, na Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Biblia ina sura 1,189, lakini kwa marudio hayo unasoma sura 1,599, ndiyo maana siku nyingine unakuta zaburi mbili au tatu fupi zimewekwa pamoja. Mpango hauna mwenye haki ya kuuzuia. Unapatikana kwenye programu nyingi za Biblia za simu, na unaenea kwenye karatasi ya kukunja ndani ya jalada.

Sisi tulianza na simu, tukahamia kwenye karatasi kabla Januari haijaisha. Programu niliyokuwa natumia iliweka alama nyekundu kwenye kila siku tuliyoruka, na nilijiona naanza kuisomea ile alama. Karatasi haimdai mtu. Binti yangu alikuwa anaweka nukta ya penseli penye sura tuliyomaliza, basi.

M'Cheyne hakuwa na mke wala watoto, na jambo hilo limenigusa sana. Alifariki tarehe 25 Machi 1843 akiwa na miaka 29, kabla mpango wake mwenyewe haujawafikisha wasomaji kwenye Walawi. Mtu aliyetenga nusu ya masomo ya kila siku kwa ajili ya baba, mama na watoto hakuwahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo akiwa baba. Lakini aliandika kwamba wazazi wangepata jambo la kuwauliza watoto kila siku, na mchungaji angejua kundi lake linalisha wapi. Hilo la kwanza nimelithibitisha nyumbani kwangu, hata kati yetu wazazi wenyewe. Mke wangu na mimi tulikuwa na mazungumzo ya ada, mikutano na nani anamchukua nani shule. Sasa ananipigia mchana kuniuliza, "Umesoma ya leo? Umeona Raheli alivyoficha zile sanamu?" Tumeoana muda mrefu, na kupigiwa simu kwa ajili ya Raheli kulinifurahisha mno.

Tarehe 1 Januari mpango unafungua vitabu vinne kwa pamoja: Mwanzo 1, Mathayo 1, Ezra 1 na Matendo ya Mitume 1. Uumbaji, kuzaliwa kwa Kristo, watu wa uhamishoni wanarudi kwao, na kanisa linaanza. Mwanzo na Mathayo ni vya familia, viwili vingine ni vya chumbani kwako. Nilikuwa nimehubiri kutoka kwenye kila moja ya sura hizo, wala sikuwahi kuziweka pamoja siku moja.

Nilichokiogopa ni Walawi. Kwa wiki kadhaa kuanzia Aprili, familia inasoma Walawi pamoja na Zaburi, na nilidhani watoto watachoka. Tulipofika sura ya 13, kuhani anamtazama mwenye doa la ngozi, anamtenga siku 7, kisha anarudi kumtazama tena. Mwanangu wa miaka 7 alikuwa ametoka kuugua tetekuwanga na kulala peke yake chumbani. Aliacha kuchezea kijiko chake akauliza, "Huyo aliyefungiwa, nani alikuwa anampelekea chakula?"

Nimesoma sura ile mara nyingi na kuifundisha. Swali hilo halikuwahi kunipitia. Tulikaa nalo, mama yake akamkumbusha nani alikuwa anampelekea yeye uji, na usiku ule maombi yetu yalikuwa ya wagonjwa tu, mmoja mmoja kwa jina.

Jumamosi nilipokaa kuandaa mahubiri, swali likanijia likitaka kupanda mimbarini. Nikamwambia mke wangu. Akaniambia, "Mchungaji, lile ni la mezani. Liache mezani." Kwa kawaida ananiita baba watoto. Nililiacha. Hapa nimeliandika baada ya kumwomba mwanangu ruhusa, akakubali.

Kasoro zipo, na ya kwanza ni mwendo. Sura nne kwa siku ni nyingi kwa mtu mwenye misiba, harusi na vikao vya baraza. Mwezi Mei tulirudi nyuma siku nne kwa sababu yangu, si yao, nami nikaamua tulipe deni kwa usiku mmoja. Niliwakalisha watoto sura sita. Mdogo alilala, mkubwa alikuwa anatazama kurasa zilizobaki, nami nikasoma kwa kasi kama mtu anayehesabu magunia. Mke wangu alifunga Biblia yake taratibu, akambeba mtoto kitandani. Kesho yake niliwaomba radhi wote watatu. M'Cheyne mwenyewe alikuwa ameonya juu ya hatari za mpango wake: kusoma kwa ada tupu, kujiona mwenye haki, kusoma bila makini, na nira iliyo nzito kuliko mabega. Yule anayeona mpango umekuwa pingu alimshauri autupe, asome kwa uhuru. Onyo hilo nililisoma Januari nikaona ni la watu wengine.

Kasoro ya pili wazazi waijue mapema. Masomo ya familia yanapita kila sura bila kuruka. Mwanzo 34 na 38 zimo, na Waamuzi 19 imo, sura zenye ubakaji na mambo ya ngono yasiyo ya masikio ya watoto. Mchungaji aliyekuwa anawafikiria watu wa karne ya 19 hakuweka alama yoyote ya onyo. Mimi napendekeza mzazi atangulie angalau siku mbili kusoma peke yake. Mwanzo 38 mke wangu aliisimulia kwa maneno yake, kwamba Yuda alimdhulumu Tamari haki yake, kisha akakiri kwamba Tamari ana haki kuliko yeye. Waamuzi 19 tuliiacha. Binti ataisoma akiwa mkubwa, nami nitakaa naye.

Ya tatu ndiyo sijaielewa hadi leo. Safu ya familia inakupa Mwanzo hadi 2 Mambo ya Nyakati, Zaburi na Agano Jipya lote. Kuanzia Ezra hadi Malaki, ukitoa Zaburi, vitabu vyote viko kwenye faragha. Maana yake Mithali, kitabu ambacho baba anasema "mwanangu" tena na tena, kinasomwa na baba peke yake mlango umefungwa! Danieli pia, Esta pia, Yona pia. Sisi tulihamisha Mithali na Yona mezani, na safu ya nne, yaani somo la pili la faragha, mimi na mama tuliiachia mwaka ujao. Mpango haukuvunjika. Kwa familia inayoanza, mimi ningesema mshike masomo mawili ya nyumbani tu, yanatosha sana.

Je, umenibadilisha kazini? Kidogo, na polepole. Bado naandaa mahubiri kwa kalamu. Ila kuna Biblia moja sasa haina alama hata moja ya wino wangu, ina nukta za penseli za mtoto, na hiyo ndiyo ninayoisoma asubuhi. Kumbukumbu la Torati 6 inataja kuyanena maneno haya uketipo nyumbani kabla haijataja kwenda njiani, na nilikuwa nimeanzia njiani.

Tulichelewa kumaliza. Badala ya tarehe 31 Desemba, tulifika 2 Mambo ya Nyakati 36 na Ufunuo 22 tarehe 9 Januari. Binti ndiye aliyesoma Mambo ya Nyakati: Yerusalemu imechomwa, watu wamepelekwa Babeli, halafu kwenye mistari miwili ya mwisho Koreshi mfalme wa Uajemi anatangaza kwamba wenye kutaka warudi. Akageuza ukurasa.

"Baba, mbona wamemkata katikati?"

Nikamwambia afungue kitabu kinachofuata. Ezra 1 inaanza na Koreshi yuleyule na tangazo lilelile, na safari hii anamaliza: waende Yerusalemu wakaijenge nyumba. Mimi nilikuwa nimeisoma mwaka mmoja nyuma, tarehe ya kwanza kabisa, peke yangu. Binti akaisoma kwa sauti hadi mwisho wa sura, kisha akachukua penseli akaweka nukta yake kwenye safu ya faragha.