Dawa ya taa za gari: nilichokutana nacho Tabora

Nimekaa na hasira hii tangu kiangazi, leo naitoa.

Toyota IST yangu inalala nje hapa Isevya, jua linaipiga kutwa. Taa za mbele zikawa njano kama chai ya maziwa. Nikitoka Urambo usiku, mtu wa baiskeli namwona nikishamfikia. Dawa ya meno nilishajaribu, ikang'aa siku mbili tatu basi. Nikaenda duka la spea mjini, nikanunua dawa ya kung'arishia taa, ile ya chupa na kitambaa chake, nikasugua mwenyewe barazani. Jamani, zilitakata! Kitambaa kilijaa njano, taa zikawa kama za gari lililoshuka melini jana. Nikampigia mdogo wangu Kigoma na yeye anunue. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Hazikumaliza mwezi. Ukungu ukarudi, safari hii mweupe, wa mabaka, mbaya kuliko ule wa kwanza.

Nikarudi na chupa mkononi. Nikasalimia, nikaeleza taratibu. Kijana wa dukani hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, dawa haina tatizo, taa zako ndizo zimezeeka." Nikamuuliza, je, kuna kitu nilitakiwa kupaka baada ya kusugua? Akamgeukia mwenzake wakacheka: "Wanawake na magari, bwana!" Mbele ya wateja! Mimi niliyebadilisha tairi peke yangu njia ya Kaliua!

Jibu nililipata kwa fundi rangi. Alipitisha ukucha juu ya taa akasema, "Mama, umeivua nguo ukaiacha juani." Kumbe taa hizi ni plastiki, na kiwandani hupakwa utando wa kuikinga na jua. Utando ndio uliokuwa umepauka. Dawa yangu ikaukwangua, plastiki ikabaki tupu. Akazungushia taa tepu ya karatasi ili rangi ya bodi isichubuke, akapiga msasa wa maji: namba 800, 1000, mwisho 2000, mimi nikimwagia maji. Akafuta kwa spiriti, akaacha ikauke, akapuliza vanishi isiyo na rangi yenye kinga ya jua. Mvua zimepita, jua limerudi, taa bado zinang'aa kama kioo.

Nilitaka kuandika kwamba dawa yenyewe ni mbovu. Nikitulia, naona si kweli. Njano inaitoa vizuri, na ukipaka kinga siku hiyohiyo inaweza kukufaa. Basi niipe nyota tatu.

Hapana. Nikikumbuka kile kicheko, hapana. Maneno mawili tu, "paka kinga," yangenitosha, na nilimuuliza kwa mdomo wangu! Nyota moja, na dukani kwao sikanyagi tena. Mdogo wangu bado anaendesha na mabaka yake Ujiji. Wiki hii napanda treni, nina msasa na kopo la vanishi kwenye begi, nikamtengenezee taa zake mwenyewe.