.375 H&H Magnum kwa mwindaji wa Kanda ya Ziwa: uzoefu wangu

Kama unamiliki raifo moja tu, na wanyama unaowafuata ni kuanzia swala pala hadi nyati, chukua .375 H&H Magnum. Ina kasoro zake, na nyingine zinakera. Ila kwa Pori la Akiba Maswa na kwa kazi ya kiboko na mamba huku ufukweni, sijaona kaliba (kipimo cha unene wa risasi) nyingine inayobeba yote hayo.

Anza na kanuni, maana ndizo zinazomaliza nusu ya ubishi wa dukani. Kwa wanyama hatari, yaani nyati, simba, kiboko na tembo, Tanzania haitaki kaliba ya chini ya .375. Hapo .30-06 na .300 Winchester Magnum zimeshatoka, hata ziwe na kasi gani. 9.3x62 ni risasi nzuri na bunduki zake ni nyepesi, lakini kipenyo chake ni inchi .366, nayo inakwama. Juu yake kuna .416 Rigby na .458 Winchester Magnum. Kwa nyati wa karibu zinaishinda .375, sibishi. Tatizo la .458 ni kwamba inarusha kichwa (kipande cha risasi kinachoruka) cha gramu 32 kwa mita 640 hivi kwa sekunde, na kikifika mita 200 kimeshashuka mno. Nyamera aliyesimama uwandani unakuwa unampigia ramli.

.375 yenye kichwa cha greini 300, yaani gramu 19.4, inatoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde, na nguvu yake ni jouli 5,700 na ushei. .30-06 ya greini 180 iko karibu na jouli 3,900. Pamoja na tofauti hiyo, zinavyoshuka hewani zinakaribiana sana. Rekebisha darubini risasi ipige juu kwa sentimita 5 kwenye mita 100. Kwenye mita 180 itapiga katikati, na kwenye 275 itakuwa chini kwa sentimita 25 hivi. Kwa pofu au kongoni, hadi mita 200 unalenga palepale bila hesabu.

Watu hubishania kaliba, lakini kinachoingia mwilini mwa mnyama ni kile kichwa. Softi (kichwa chenye ncha laini) ya kawaida, yenye koti jembamba la shaba, hupasuka upesi. Kwa swala, ngiri na nyumbu inatosha kabisa. Mpige nyati kwa softi hiyo mita 30, igonge mfupa wa bega: kasi bado ni kubwa, koti linachanika, vipande vinaishia kwenye msuli na mapafu hayaguswi. Nyati anaingia kichakani, na lawama inaenda kwa .375. Kwa nyati nunua kichwa ambacho koti limeshikamanishwa na kiini, kama Swift A-Frame, au kilichotengenezwa kwa shaba tupu, kama Barnes TSX. Ni ghali. Lakini risasi za kazi ni chache. Za mazoezi ndizo nyingi, na hizo zinaweza kuwa za bei rahisi.

Solidi, yaani kichwa kisicho na ncha laini, haipasuki, inanyoosha moja kwa moja. Nafasi yake ni kiboko wa nchi kavu, ubongo wa tembo, na nyati aliyejeruhiwa anayekuonyesha mgongo. Usianze nayo kwenye kundi. Inatokea upande wa pili na kumjeruhi aliyesimama nyuma, na mnyama aliyejeruhiwa anahesabika umemuwinda, utamlipia. Mimi napendelea softi ngumu, kama A-Frame, iwe chembani, tayari kufyatuliwa, na solidi zifuate kwenye magazini. Ila usiamini kwamba aina hizo mbili zinapiga mahali pamoja mpaka uzione kwenye karatasi: tatu za softi, uache mtutu upoe, kisha tatu za solidi, mita 50. Makundi yakiachana zaidi ya sentimita 5, badilisha aina ya solidi, usiguse darubini.

Nyati akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi ya kwanza ya kifua kutoka chini. Wengi hulenga juu zaidi na nyuma ya bega, ambako risasi inapita kwenye ncha ya pafu, na mnyama bado ana pumzi ya kukusubiri mahali.

Sasa ufukweni, ambako ushauri wa mapori haukufikishi mbali. Risasi ikigonga maji kwa pembe ya chini inadunda, na solidi ikidunda inabaki nzima na kuendelea kwa umbali mkubwa. Ziwa hili lina mitumbwi, na nyuma ya kiboko usiangalie maji peke yake. Tafuta mwamba mrefu, na upande wa Mwanza miamba haikosekani, upige kwa kushuka. Pasipo mwamba, subiri atoke majini. Kiboko akifia majini anazama, kisha anaibuka baada ya saa moja au zaidi, tumbo likishajaa gesi. Usipeleke mtumbwi kabla ya hapo, maana wenzake bado wako pale. Kwa mamba nguvu ya .375 haina umuhimu mkubwa: ubongo ni mdogo, uko nyuma ya macho, na unahitaji egemeo imara. Mpige akiwa amejianika mbali na maji, la sivyo atateleza na kupotea.

Kasoro kubwa ya bunduki yenyewe ni urefu wa risasi, milimita 91. Bolti, lile komeo unalovuta kuingiza risasi mpya, lazima iwe ndefu, na mwenye haraka haivuti hadi mwisho. Ganda la zamani linatoka, risasi mpya haishikwi, bolti inafunga chemba tupu. Fanya mazoezi ya kukoki kwa nguvu kitako kikiwa begani, kwa risasi bandia, usiku nyumbani kama ni lazima. Bolti ya aina ya Mauser, yenye ukucha mpana unaoshika ganda tangu magazini, ndiyo ninayoiamini.

Teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06. Bunduki ya kilo 4 na kidogo pamoja na darubini inavumilika. Ya kilo 3.5 itakufundisha kufumba macho. Darubini iwe na ukuzaji mdogo, 1 hadi 4 au 1.5 hadi 5, na nafasi ya jicho isipungue sentimita 9, la sivyo itakupasua nyusi. Fanya mazoezi umesimama na fimbo tatu za kuegemeza bunduki. Mezani mwili hauna pa kurudi, bega linapokea lote.

Holland & Holland wa London waliitoa 1912, enzi za baruti ya kodaiti iliyokuwa haivumilii joto, na ganda lake lenye mteremko mrefu hutoka chembani kirahisi. Hilo lisikufanye uache boksi kwenye dashibodi kutoka Lamadi hadi Bariadi. Risasi iliyopata moto inaongeza mgandamizo. Dalili ni bolti nzito na fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) iliyobapa. Unyevu wa ziwa nao ni adui. Mkanda wa ngozi ukikaa na risasi wiki kadhaa, kila ganda linatoka na pete ya unga wa kijani unaonata, palepale kitanzi kilipokaza, na ganda hilo linaweza kukwama chembani. Tumia mkanda wa turubai. Futa risasi kwa kitambaa kikavu, usizipake mafuta: mafuta yanapenya hadi kwenye fataki.

Kama hutawahi kukata leseni ya nyati, .30-06 yenye kichwa kigumu itakupa hata pofu kwa mita 150, kwa gharama ndogo na bega zima. Anayechukua .375, akishapata aina inayokubaliana na mtutu wake, anunue maboksi yenye namba ileile ya uzalishaji kadiri kibali chake cha risasi kinavyoruhusu, kwa sababu mzigo ujao dukani unaweza kuwa wa kampuni nyingine kabisa.