Ramani ya simu kwa sisi tusioona: uzoefu wangu Mtwara mjini

Swali ni hili: asiyeona anunue simu ya kumwongoza njia kwa sauti? Naanza na jibu, maana najua kuna mtu anasoma hapa pesa ameshaishika mkononi. Nunua. Ila kama unangoja simu ikutoe mlangoni kwako ikakufikishe mlangoni kwa mwenzio bila kuuliza mtu, tulia kwanza. Kwa Mtwara yetu hilo bado.

Mimi sioni kabisa. Ni presha ya macho. Ilianza kula pembeni, kidogo kidogo, mpaka ikamaliza na katikati. Kazi yangu ni korosho. Nanunua zilizokwisha kubanguliwa, nakaanga, nafunga pakiti ndogondogo, nasambaza kwenye maduka ya Chikongola, Soko Kuu, na kwa wateja wangu wawili watatu wa kule Shangani. Zamani nilikuwa naongozwa na mpwa wangu. Mtoto kafaulu, kaenda bweni, na wenye maduka hawangoji likizo.

Nilichonacho ni simu ya Android ya kawaida tu. Ndani yake kuna TalkBack, ile sauti inayosoma kila kilichopo kwenye skrini. Huinunui, simu nyingi za Android zinakuja nayo, unaiwasha kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, ile ya misaada kwa wenye ulemavu. Ukipitisha kidole kwenda kulia inakusomea kinachofuata, ukigonga mara mbili inafungua. Mwanzoni inachosha kweli, vumilia. Kuna na sehemu ya kuficha skrini, simu inakuwa giza huku inaendelea kusema. Hiyo naipenda kuliko zote, hakuna tena wa kunichungulia salio kwenye bajaji. Juu yake nikaweka programu ya ramani, nikapakua ramani ya mji mzima kwa waifai ya jirani ili bando likikata njiani safari isikatike. Sikioni naweka kispika kimoja tu. Sikio la pili ni la bodaboda.

Tuje barabarani. Simu inajua ilipo kwa kusikiliza setelaiti za GPS, ambazo ni za Wamarekani, na mpaka Mei 2000 walikuwa wanaichafua makusudi ishara wanayotumia raia wa kawaida, unaweza kukosewa hata mita 100. Sasa simu ya kawaida mahali peupe inakosea kama mita tano. Neno kubwa hapo ni "mahali peupe". Nimewahi kuijaribu Kariakoo nilipokwenda kwa dada yangu, ikawa inanihamisha mtaa huku nimesimama, kwa sababu ishara inagonga yale maghorofa na kurudi. Mtwara nyumba ni za chini na anga liko wazi, simu inatulia. Kwa hili tumewapita Dar, niacheni nijivunie.

Na barabara zetu ni pana mno. Mji huu ulipangwa enzi za Waingereza na mradi wao wa karanga, ule ulioanza 1947 ukafa 1951. Karanga zikawashinda, barabara zikabaki. Mwenye macho anaona raha. Asiyeona hana ukuta wa kuufuata, sauti za watu ziko mbali ng'ambo, na ukishapoteza ukingo wa lami unaweza kuzunguka juani mpaka ukome. Hapo ndipo ile sauti ya "baada ya mita mia moja, pinda kulia" inapostahili kila shilingi. Haikuongozi miguu, lakini unajua bado uko kwenye mstari.

Kasoro ya kwanza ni pale unapoanza. Umeteremka, umesimama, simu inakwambia "elekea kaskazini-mashariki". Kaskazini-mashariki ndiyo wapi, baba? GPS haijui umegeukia wapi mpaka utembee hatua kadhaa, na dira iliyomo kwenye simu inababaika ikikaribiana na chuma au sumaku. Yangu ilikuwa inanigeuza nyuma mbele kila siku. Fundi mmoja wa simu pale sokoni ndiye aliyeligundua: kava langu lilikuwa la kufunga kwa sumaku. Nikalivua, dira ikapona. Kama kava lako linajibana lenyewe, litoe leo.

Lakini siri ya kifaa hiki, ambayo sijamsikia mtu akiisema, ni kwamba faida yake kubwa haiko kwenye kutembea, iko kwenye bajaji. Sisi tusioona tunateremshwa popote dereva anapotaka. Akiona foleni, akiona abiria mwingine, "Mama, tumefika, teremka hapahapa." Sasa najibu:

"Mwanangu, bado mita mia nne."

"Nani kakwambia?"

"Huyu wa sikioni."

Wanacheka, wanaendesha. Kwenye basi la kwenda Lindi ni vilevile. Nasikia tumepita Mikindani, nasikia tunakaribia Mnazi Mmoja pale inapoachana njia ya Masasi, simuulizi konda kila dakika. Nimekaa kama abiria, si mzigo uliokabidhiwa.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonifanya niseme usiitegemee hadi mlangoni. Simu inasema "umefika" na wewe uko katikati ya vumbi. Mita tano za kukosea zinatosha kukuweka ng'ambo ya barabara au kwenye duka la jirani anayeuza vifaa vya ujenzi. Tena maduka mengi ya mitaani hayamo kabisa kwenye ramani, na mengine yamo kwa jina la mwenye duka aliyekwisha kuhama. Dawa yake nimeipata mwenyewe: kila mteja mpya, mara ya kwanza nakwenda na mtu anayeona. Nikigusa mlango kwa mkono wangu nasimama hapohapo, naiacha simu ikamate vizuri, nahifadhi alama kwa jina langu mwenyewe. "Mama Zuhura, ngazi mbili." "Hoteli, geti dogo, kulia." Siku nyingine nikikaribia inanisomea maneno yangu. Sasa ramani yangu ina milango ambayo ya wenye macho haina.

Halafu mitaro. Ramani inajua barabara, haijui mtaro wa maji ya mvua uliong'olewa mfuniko, wala lundo la mchanga la mtu anayejenga, wala bodaboda zilizopangwa kwenye njia ya miguu zikingoja abiria. Simu itakwambia "endelea mbele" kwa sauti ya upole kabisa, na mbele ni shimo. Huko ni fimbo nyeupe peke yake. Ipate inayofika kifuani, siyo ile fupi ya mzee wa kuchechemea, uipapase kushoto na kulia ikitangulia mguu. Mtu akitaka kuniuzia programu ya kuiacha fimbo namwambia aje tupite naye barabara ya sokoni msimu wa mvua.

Nimejaribu na nyinginezo. Be My Eyes, iliyoanzia Denmark mwaka 2015, inakuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea anayeona, unamwelekezea kamera anakwambia kilichoko mbele. Ni ya bure, ila video inakula bando, kwa hiyo nimeiweka kwa ajili ya kusoma tarehe kwenye maboksi na kutafuta kitu kilichoanguka. Kulikuwa na Soundscape ya Microsoft, iliyotoka 2018, ambayo ilikuwa haikupangii njia bali inaweka mlio upande ule unakokwenda, unaufuata kwa masikio. Kwa barabara zetu pana ingenifaa sana. Ilikuwa ya iPhone tu, na wenyewe waliiacha 2023 wakatoa msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, wazi kwa kila mtu, wengine wakaendeleza. Mtu akiileta vizuri kwenye simu zetu za bei ya chini mimi wa kwanza kuichukua.

Kuna jambo lingine linalonipa moyo, zoezi la anwani za makazi la 2022, kabla ya sensa. Nguzo ya jina la mtaa mimi siisomi, lakini jina likishaingia kwenye ramani simu inalisoma. Ni bora kuliko maelekezo ya watu wetu, Mungu awabariki. Unamuuliza mtu njia, anakujibu "pale, unaona pale?" na kidole amekinyoosha. Mwingine anakwambia kata kushoto kwa muuza ming'oko. Muuza ming'oko leo yuko, kesho kahamia kivulini.

Kwa bei, kama simu unayo tayari hulipi kitu zaidi ya bando na kispika. Kama unanunua, tazama betri kubwa kwanza, maana GPS na sauti zikienda pamoja zinakula chaji; mimi nikitoka asubuhi natembea na pawabenki kwenye mkoba wa korosho. Kuna vispika vinavyokaa kwenye mfupa wa shavu na kuyaacha masikio yote wazi, ukivimudu vinunue, mimi bado navidundulizia.

Sehemu moja imenishinda, soko la samaki Feri. Ramani inanifikisha nje vizuri, ndani ni maji, kamba, ndoo na kelele, na meza hazikai mahali pamoja. Huko nangoja mpwa wangu afunge shule. Kama kuna asiyeona mwenzangu anayeingia mwenyewe na kutoka na samaki wake, aniambie anapitia upande gani.