Valkyrie VF-1 ipi ununue kwanza: tumezipanga kwa uimara wa maungio

Anayetaka kuanza kukusanya roboti za Kijapani zinazobadilika kuwa ndege, aanze na VF-1 Valkyrie ya Macross. Katuni hiyo ya televisheni ilianza kurushwa Japani Oktoba 1982, ikaendelea kwa vipindi 36. Kawamori Shoji aliibuni ndege hiyo ikiwa na maumbo matatu: Fighter, ambayo ni ndege kamili inayofanana sana na F-14, ndege ya kivita ya Marekani, GERWALK, ndege iliyoota miguu na mikono, na Battroid, roboti inayosimama wima. Zaidi ya miaka 40 sasa kampuni mbalimbali zimejaribu kuliingiza umbo hilo kwenye plastiki na chuma, na karibu kila jaribio bado linauzwa mahali fulani, jipya au mtumba. Ndiyo maana anayeanza huchanganyikiwa.

Sisi tunazipanga kwa kigezo kimoja kikubwa kuliko vingine: je, ukiibadilisha umbo mara kwa mara, maungio yatahimili? Picha za muuzaji huonyesha rangi na mkao mzuri. Hazionyeshi bawaba ya bega, na roboti hizi huanza kufa begani.

Kabla ya bei, pima rafu. VF-1 ya kwenye hadithi ina urefu wa mita 14.23 ikiwa ndege. Kwa hiyo ya kipimo cha 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko hiyo, inakaribia sentimita 30, ya 1/60 karibu 24, ya 1/55 karibu 26, na ya 1/100 inazidi 14 kidogo. Ongeza nafasi ya mabawa yakiwa wazi. Rafu ya vitabu yenye kina cha sentimita 25 haiipokei 1/48 ikiwa imeelekeza pua mbele. Itabidi uiweke kimshazari au uisimamishe kama Battroid.

Nafasi ya kwanza: Bandai DX Chogokin, 1/48

Hii ndiyo tunayomshauri mtu mwenye uwezo wa kununua moja tu. Ilianza kutoka 2019 na VF-1J ya Hikaru Ichijo, rubani shujaa wa katuni, kwa bei ya dukani Japani inayozunguka yeni 20,000. Inabadilika maumbo yote matatu bila kuchomoa viungo, na chuma kimewekwa pale panapobeba uzito. Miguu haichoki kusimama.

Ubora wake unauona kwenye nyonga. Katika VF-1 yoyote, miguu ndiyo injini za ndege, na ikiwa Battroid inapaswa kuhama kutoka chini ya mabawa mpaka pembeni mwa pua. Kazi hiyo hufanywa na upau mwembamba unaozunguka. Kwenye DX upau huo ukifika mahali pake hujifunga kwa mlio mdogo. Usipousikia, simama hapo hapo. Wengi hulalamika kwamba nakala yao ina miguu inayotetemeka, kumbe upande mmoja haujafungwa na wameshaendelea na hatua tatu mbele.

Mpangilio salama ni huu. Toa bunduki ya GU-11 tumboni. Shusha miguu, kunja magoti, toa mikono; hapo umepata GERWALK. Kisha nyoosha miguu, kunja mabawa nyuma mpaka mwisho kabisa, hamisha upau wa nyonga, ndipo ukunje kiwiliwili katikati ili pua ishuke. Malizia na mkoba wa mgongoni, kinga inayofunika chumba cha rubani, na kichwa. Kukunja kiwiliwili kabla mabawa hayajafika mwisho ndiko kunakochubua rangi, na mchubuko wa namna hiyo haufutiki. Kichwa nacho kiangalie: mizinga yake ya leza ni myembamba na hunasa kwenye kifua ukikivuta kwa pupa.

Kasoro za kukubali kabla ya kulipa: viganja hubadilishwa kwa kuchomoa na kuchomeka vingine, na seti ya Super Parts (maroketi ya mgongoni na silaha za ziada) huuzwa kando. Weka bajeti yake mapema, kwa sababu seti ikiisha madukani bei ya mtumba hupanda kuliko ndege yenyewe inavyopanda.

Nafasi ya pili: Arcadia, 1/60

Arcadia walirithi kazi ya kampuni ya Yamato, na VF-1 yao ya 1/60 inatokana na toleo la pili la Yamato lililoanza 2008. Kwa mistari ya ndege ikiwa Fighter, wapo wanaoipenda kuliko DX: nyembamba, nyepesi, imekaa kama ndege. Nayo haichomoi kitu kubadilika. Tumeiweka ya pili kwa sababu chuma ni kichache na viungo hulegea mapema zaidi.

Angalizo moja zito. Nakala za mwanzo za Yamato za toleo hili zina ugonjwa wa bega: plastiki inayozunguka pini ya chuma hupata ufa, ufa unatembea, mkono unang'oka. Sababu ni ukuta mwembamba wa plastiki uliobanwa na pini kwa nguvu muda wote, hata roboti ikiwa imelala kwenye boksi. Kwa hiyo "haijawahi kuchezewa" si kinga. Ukinunua 1/60 ya Yamato, omba picha ya karibu ya mabega yote mawili, mbele na nyuma, mwanga ukipiga kwa pembeni. Ufa huonekana kama unywele mweupe unaoanzia kwenye pini. Muuzaji akikataa kupiga picha hiyo, achana naye.

Nafasi ya tatu: Bandai Hi-Metal R, 1/100

Kwa mwenye chumba kidogo au anayetaka kikosi kizima badala ya ndege moja, hii ndiyo yenyewe. Maumbo yote matatu unayapata, ila kuna vipande vya kubadilishana, yakiwemo magurudumu. Hapo ndipo tatizo lake lilipo. Vipande ni vidogo kiasi cha kupotea kwenye zulia. Ukipata mtumba, hesabu vipande kwa kulinganisha na picha za kwenye kijitabu cha maelekezo kabla ya kulipa, maana ndege iliyopoteza kipande chake huenda isikamilishe umbo mojawapo.

Nafasi ya nne: ile ya zamani, 1/55

Takatoku waliitoa 1982. Kampuni ilipofilisika 1984, kalibu za kumwagia plastiki zikaishia kwa Bandai, na Hasbro wakaitumia roboti hiyohiyo kwenye Transformers kwa jina la Jetfire mwaka 1985. Bandai wakaichapa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nakala hizo ndizo za kutafuta.

Ni nene, uso wake haufanani sana na wa kwenye katuni, na magoti hayana mikao mingi. Lakini ni ngumu kweli; kwa uimara peke yake ingekuwa juu zaidi. Kama kuna mtoto nyumbani atakayeishika, hii ndiyo tunayoipendekeza juu ya zote tatu za mwanzo. Ya 1982 na Jetfire ya 1985 waachie wanaokusanya historia: plastiki yake nyeupe hugeuka njano, na yenye boksi kamili bei yake haihusiani tena na mchezo.

Nafasi ya tano: Yamato 1/48, mtumba

Miaka ya 2000 hii ilikuwa ndoto ya kila mkusanyaji. Leo inauzwa rahisi kuliko DX ya ukubwa uleule, na urahisi huo una sababu: bawaba ya mkoba wa mgongoni hupasuka, plastiki inageuka njano, na vipuri ni vya kuwinda. Inunue tu kama umepata picha ya bawaba hiyo na bei ni chini ya nusu ya DX.

Usichanganye na hivi

Hasegawa wanatengeneza VF-1 nzuri sana za 1/72, lakini ni seti za kuunganisha kwa gundi na kila boksi ni umbo moja tu. Haibadiliki. Bandai nao wana seti ya 1/72 ya kuunganisha ambayo hubadilika, ila maungio yake ni ya kuionyesha kwenye rafu. Ukiichezea kila wiki, italegea. Feki zipo pia, hasa za 1/55. Utazitambua kwa skrubu zenye kutu ikiwa mpya, jina la kampuni kukosekana kwenye plastiki, na stika zilizochapwa ukungu.

Zingatia pia herufi ya mwisho ya jina, maana tofauti iko kichwani: VF-1A ina mzinga mmoja wa leza, VF-1J miwili, VF-1S minne, na VF-1D ni ya mafunzo yenye viti viwili.

Kununua kutoka Japani

Kwa miaka mingi mgogoro wa haki kati ya wenye Macross na wenye Robotech, katuni ya Kimarekani iliyotengenezwa kutokana na Macross, ulizuia bidhaa hizi kuuzwa rasmi nje ya Japani. Makubaliano yaliyotangazwa Aprili 2021 yalifungua njia, na walioko Ulaya na Marekani sasa hukutana nazo madukani. Kwa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, njia ya kawaida bado ni Japani yenyewe: AmiAmi na HobbyLink Japan kwa mpya, Mandarake na Suruga-ya kwa mtumba, au minada ya Yahoo kupitia mawakala kama Buyee na ZenMarket. AmiAmi hutoa alama mbili kwa mtumba, moja ya bidhaa na moja ya boksi. Bidhaa A- yenye boksi B ndiyo nunuzi bora: unapunguziwa kwa sababu ya kona ya boksi iliyobonyea. Kwenye mnada, ukiona 黄ばみ maana yake imegeuka njano, 破損 ni imevunjika, ジャンク ni inauzwa bila dhamana yoyote.

Usafiri ndio unaowashangaza wengi. Kampuni za kusafirisha haraka hutoza kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Kifurushi cha 45 × 35 × 15 kinahesabiwa kilo 4.7 hata kama mizani inasoma 2. EMS ya posta ya Japani hutoza uzito halisi, kwa hiyo boksi kubwa jepesi lipeleke huko. Kisha kuna forodha: VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, hupigwa juu ya bei, usafiri na ushuru vikijumlishwa pamoja. Ukipiga hesabu kwa bei ya bidhaa peke yake utakwama bandarini au posta.

Ikishafika

Igeuze umbo mara moja ndani ya siku unayoipokea, polepole, ili kasoro ionekane muda wa kurudisha ukiwa bado upo. Kiungo kikikaza, kipashe kwa kikaushia nywele kwa moto mdogo au tia tone la mafuta ya silikoni. Mafuta ya kulainisha vyuma usiyatumie: huila plastiki na kuleta nyufa. Kiungo kikilegea, paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye mpira wa kiungo, acha ikauke usiku kucha, ndipo urudishe. Supaglu hufanya kazi hiyo pia, lakini ukikosea dakika moja kiungo kimeganda milele.

Skrubu zake ni za mtindo wa Kijapani, JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida huteleza na kula kichwa cha skrubu. Unaporudisha, zungusha kwanza kinyume mpaka uisikie ikidondokea kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze, na uache mara inaposimama.

Kwa walioko pwani, Mombasa, Tanga, Unguja: hewa ya chumvi hula skrubu na unyevu huota ukungu kwenye boksi. Weka vifuko vya silika ndani ya kabati la kioo na uvibadilishe vikishajaa. Jua lisiifikie kabisa, hata lile la asubuhi linalopita dirishani, kwa sababu plastiki nyeupe hugeuka njano kwa mwanga na joto vikiungana. Na usiihifadhi muda mrefu ikiwa nusu ya mabadiliko. Iache Fighter kamili au Battroid kamili, upau wa nyonga ukiwa umefungwa pande zote mbili.